Pikipiki niliyokwisha kuilipia nauli

Saa kumi na robo alfajiri, Mishomoroni, mwadhini hata hajakohoa kwenye kipaza sauti, mimi niko mlangoni nimeshika viatu mkononi nisije nikaamsha watoto. Miaka mitatu siku yangu ilianza hivyo. Kazi yangu ni kuoka, katika jiko la hoteli moja upande wa Shanzu, na oveni haingoji mtu: saa kumi na moja iwe imewaka, saa kumi na mbili na nusu mikate iwe mezani kwa wageni wanaowahi ndege. Matatu saa hizo hazipo, na ikitokea moja inakaa kungoja ijae watu ambao bado wamelala.

Kwa hivyo nilikuwa na kijana wangu wa boda. Shilingi 200 kwenda, na kurudi mchana natafuta matatu ya 70. Siku moja nilikuwa nangoja unga uumuke, nikaandika hesabu kwa kidole juu ya meza yenye unga. Siku 26 za kazi kwa mwezi, 5,200 za boda, 1,820 za matatu. Jumla 7,020. Nikaifuta haraka kabla mpishi mkuu hajaiona akadhani nalia mshahara.

Nikafanya nyingine. Nyumbani hadi kazini ni kama kilomita 12, kwenda na kurudi 24, kwa mwezi 624. Pikipiki ndogo yenye injini ya CC 125 ukiiendesha kwa adabu inakupa kilomita 45 kwa lita, hata zaidi. Lita 14, nikiihesabu petroli 180 kwa lita, ni 2,520. Sisi wa Mombasa angalau tumependelewa kidogo, mafuta yanashukia bandarini kwetu, na kila tarehe 14 EPRA, mamlaka ya nishati, wakitangaza bei mpya huwa yetu iko chini ya ya Nairobi kwa shilingi kadhaa. Weka oili, weka pancha, weka bima, bado nabaki na pesa ya kununulia kitu.

Lakini sikuwa najua kuendesha hata baiskeli vizuri.

Mchezo wetu ni wa kina mama kumi na wawili, 7,500 kila mwezi, na zamu yangu iliangukia Januari. Elfu tisini mkononi. Nilipomwambia mamangu nataka kununua pikipiki alinyamaza, akamenya vitunguu vitatu vizima, kisha akasema, "Haya, na mimi ninunulieni ndege." Sikumjibu. Mamangu akianza dhihaka huwa ameshakubali nusu.

Ukitaka kujua mji huu una wataalamu wangapi, sema unatafuta pikipiki. Kakangu alitaka nichukue mpya dukani. Nikaenda kuuliza: CC 125 mpya ilikuwa 160,000 na kitu, basi nikaelekezwa kwenye meza ya mkopo iliyokuwa pembeni. Amana elfu 20, halafu 390 kila siku kwa miezi 18. Yule binti wa mkopo aliitamka ile 390 kwa sauti laini kabisa, kama bei ya maji ya matunda. Nikatoa simu nikapiga hesabu mbele yake: 210,600, na ile amana, 230,600. Mtu wa boda anaweza kuzitoa hizo 390 kwa sababu pikipiki yenyewe inamletea pesa kila siku. Yangu itakuwa imeegeshwa nyuma ya jiko la hoteli saa nane mfululizo, hailetei mtu hata senti. Nikashukuru nikatoka.

Mpwa wangu wa Likoni naye alitaka nichukue moja ya zile ndefu za kupandia milima, shokomzoba kama miguu ya korongo. Milima gani Mombasa? Nilimuuliza akacheka, akasema, "Shangazi, ni muonekano."

Jambo moja nililofanya sawasawa, na nililifanya kwa woga wala si kwa akili, ni kwamba nilikwenda kujifunza kwanza kabla ya kununua. Nilijiandikisha shule ya udereva, daraja A2, ambalo ni la pikipiki ya mtu binafsi. Boda na wanaopeleka mizigo ya wateja wanatakiwa wawe na A3. Nililijua hilo kwa sababu nilikuwa naandika A3 kwenye fomu, mwalimu akanirudisha: "Mama, wataka kubeba abiria?" Nikamwambia hata mwenyewe sijajibeba.

Ule ubao wa mji wa bandia, wenye magari madogo ya kusukuma kwa kidole, ulinichukua siku mbili. Uwanjani nilikaa wiki tatu. Pikipiki ya shule ilikuwa ya CC 150, na ilikuwa ndefu kuliko nilivyodhani nikiwa nimesimama kando yake. Mimi kimo changu ni futi tano na inchi moja. Nikikaa kitini, vidole tu ndivyo vinagusa chini, kama mtoto anayechungulia dirishani. Ikienda haina neno. Mashaka yako kwenye kusimama. Pikipiki inayosimama ni kilo mia moja na ishirini hivi zinazotafuta upande wa kulalia, na zikishapata upande huwezi kuzibishia kwa vidole vya miguu. Nilianguka nayo mara nne, zote nikiwa nimesimama au nakaribia kusimama. Sikuanguka hata mara moja nikiwa kwenye mwendo.

Mara ya nne mwalimu alinisaidia kuiinua, akanileta kwenye ile ndogo iliyochoka, CC 100, kioo kimoja, kiti kimeraruka. Nikakaa. Nyayo zote mbili, kisigino hadi kidole, zikalala chini. Sijui nieleze vipi. Ni kama mtu amenitoa kwenye kina cha maji akaniweka ufukoni. Asubuhi ileile nilijifunza klachi ambayo ilinishinda wiki mbili, kwa sababu akili haikuwa tena kwenye kuogopa kuanguka.

Toka siku hiyo swali langu la kwanza kwa kila pikipiki halikuwa bei wala mwaka. Nilikuwa naikalia, naisimamisha wima, naangalia visigino vyangu. Wauzaji walikuwa wanacheka. Mmoja wa Majengo aliniambia, "Dada, hicho si kiatu." Basi ndivyo nilivyokichagua, kama kiatu.

CC 150 nikaziondoa kwa hiyo sababu, na kwa sababu nyingine kwamba sibebi magunia. Watu watakwambia chukua 150 kabisa usije ukajuta baadaye, ukiipita trela barabara ya Malindi utaona faida. Mwanafunzi hana biashara ya kupita trela.

Skuta nililifikiria kwa muda mrefu kuliko nilivyomwambia mtu. Halina klachi, halina gia za kukanyaga, unapanda hata na buibui kwa sababu mbele kuna nafasi ya miguu, na visigino vinafika. Wazee wa Mji wa Kale wamezipanda Vespa enzi na enzi kwenye vichochoro ambavyo hata mkokoteni unapita kwa dua. Ila magurudumu ni madogo, na njia yetu ya ndani ina mashimo yanayoweza kulimeza gurudumu lile likapotea moja kwa moja. Halafu nikamuuliza fundi wa mtaani kuhusu spea zake. Akatazama juu, akatazama chini, akasema, "Zinapatikana." Fundi akikwambia "zinapatikana" bila kusema wapi, jua hazipatikani.

Za umeme pia niliziangalia. Spiro zilizinduliwa hapa hapa Mombasa Septemba 2023, Rais akiwepo, na sasa ukisimama Kongowea dakika tano utaziona zikipita kimya kama paka. Betri ikiisha huichaji, unaibadilisha kituoni unaendelea. Kwa mwanafunzi ni rahisi mno, huna klachi ya kukuaibisha kwenye taa. Kilichonirudisha nyuma ni saa yangu. Saa kumi na robo sitaki kufikiria kituo kiko wapi na kimefunguliwa au la. Nataka kuona mafuta kwenye tangi usiku kabla ya kulala. Ningekuwa mtu wa kazi ya mchana mjini, huenda leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Basi nikabaki kwenye zile za kawaida, Boxer na TVS, za CC 100 au 125. Sababu hazina mapenzi ndani. Nilitembea kwa miguu kutoka nyumbani nikahesabu: ndani ya dakika kumi kuna maduka matatu ya spea na mafundi wanne chini ya miembe, na wote wana vitu vya pikipiki hizo mbili vimening'inia kama dagaa. Kebo ya klachi, breki shuu, plagi, tyubu, cheni na spoketi zake. Ukivunjikiwa na mkono wa klachi saa moja usiku, kuna mtoto atatumwa akuletee. Zipo pikipiki nyingine nzuri, hata bora kwa injini, lakini mtu wa kwanza kupanda pikipiki ataivunja vitu vidogovidogo kila wiki, na hivyo vitu lazima viwe karibu na viwe rahisi. Mimi hatimaye nilichukua ipi kati ya hizo mbili? Sisemi. Mtaani kwetu Boxer na TVS ni kama Arsenal na Manchester, na nataka kuendelea kuazimwa sukari.

Fundi wangu nilimpata hivyohivyo kwa kutembea. Mzee wa makamo, mwembe wake uko nyuma ya msikiti, miwani imefungwa uzi. Namwita ami ingawa hatuna nasaba. Nilimwambia nitamlipa 500 kila akinisindikiza kuangalia pikipiki, nikinunua nisinunue. Hizo 500 ndizo zilizookoa elfu tisini.

Ya kwanza ilikuwa kwa mtu wa mitumba upande wa Makupa. Nyekundu, imepigwa rangi mpya, stika mpya, kiti kipya. Ilipoanza kwa mguso mmoja wa stata nilitabasamu, ami hakutabasamu. Alikuwa ameshaweka kiganja karibu na injini kabla hata hatujasalimiana vizuri. "Imewashwa kabla hatujaja," akaninong'oneza. "Ni moto." Pikipiki yenye ugonjwa inaficha ugonjwa ikiwa na joto, ukitaka kuijua, ikute imelala baridi. Akaomba izimwe, tukaenda tukanywa kahawa tungu kwa vikombe vitatu vitatu, tukarudi baada ya saa nzima. Safari hiyo stata ililia tu. Akapiga kiki mara sita, ikawaka na moshi wa buluu kwenye eksozi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, ringi za pistoni zimekwisha. Ami akapitisha kidole chini ya tangi, kwenye chuma cha fremu, akahisi alama ya kuchomelea chini ya rangi mpya. Hapo hakusema neno, alivaa miwani vizuri tukaondoka. Injini inatengenezeka, aliniambia njiani. Fremu iliyovunjika ikaungwa, hiyo usimpe hata adui yako.

Ya pili tulivuka feri kuifuata Likoni. Mwenyewe ni mtu wa samaki, na pikipiki imekaa miaka ufukoni ikibeba mapipa ya barafu. Bei elfu 55. Kwa macho ilikuwa safi. Lakini chumvi haianzii kwenye macho, inaanzia kwenye spoki mahali zinapoingia kwenye rimu, kwenye matundu ya nati, chini ya madigadi, ndani ya soketi za taa. Ami alibonyeza indiketa, haikuwaka. Akaichomoa, waya umekuwa unga wa kijani. Meno ya spoketi yalikuwa yameinama kama ya papa.

Hayo yote yangevumilika. Kilichoiua ni karatasi. Nilikuwa nimeshaambiwa nitafute rekodi ya umiliki ya NTSA, mamlaka ya usafiri, kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unalipa 550 unapewa jina la mwenye chombo. Nikaingiza ile namba ya KM kwa simu palepale chini ya mnazi. Majina yakaja mawili, lake na la kampuni ya mkopo. Nikamwonyesha. Akasema, "Ah, hiyo imebaki kidogo tu, ukinilipa namalizia." Kwa hivyo mimi nimpe 55,000, yeye akamalize deni lake kwa muda wake, na asipomaliza wakaja kuichukua mlangoni kwangu. Tulirudi na feri bila kuongea. Ami alinunua viazi karai vya 50 akanipa vitatu.

Na kijana wangu wa boda muda wote huo ndiye aliyekuwa ananipeleka kazini. Nilikuwa simwambii, naona haya, ni kama kumwambia mtu unataka kuacha kula kwake. Lakini Mishomoroni hakuna siri. Alfajiri moja tukiwa tumefika Bamburi akasema bila kugeuka, "Mama, nasikia watafuta pikipiki." Nikasema ndiyo. Akanyamaza mpaka karibu na Shanzu. "Mimi nachukua 150 mwezi ujao. Hii nataka kuiuza."

Kila mtu mwenye busara atakwambia usinunue pikipiki iliyofanya kazi ya boda. Na wana haki. Boda inatembea kilomita 150 kwa siku bila ajabu, inabeba watu watatu ilhali sheria inasema abiria mmoja, inabeba kabati, inabeba mbuzi. Hata ami alikunja uso. Lakini mimi nilikuwa nimekaa juu ya ile pikipiki asubuhi sita kwa wiki kwa miaka mitatu. Nilijua inavyokohoa ikiwa baridi. Nilijua siku aliyoanguka Kisauni, maana alinionyesha goti. Nilijua alipobadilisha betri, nilijua kwamba anamwaga oili kila Ijumaa ya pili kabla ya sala kwa sababu Ijumaa hiyo huwa ananukia oili hadi Jumamosi. Mwenye duka la mitumba ananiuzia rangi nyekundu. Huyu ananiuzia maradhi ninayoyajua kwa majina. Wazee walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Halafu lilikuwepo jambo jingine ambalo sikulisikia kwa mtaalamu yeyote. Mwanafunzi anaharibu. Ataunguza klachi, ataangusha, atakwaruza tangi ukutani, atapinda mkono wa breki. Ukianza na pikipiki mpya, kila kosa linakuumiza mara mbili, ukawa muoga. Hii ilikuwa imekwisha kukwaruzwa pande zote, sikuwa na pa kuongeza. Na visigino? Usiku ule aliileta uwanjani nikaikalia mbele badala ya nyuma. Kiti kilikuwa kimebonyea kwa uzito wa Kisauni nzima. Nyayo zikalala chini, nikabaki na mkunjo kidogo wa magoti.

Alitaka 80,000. Nilimwambia subiri kwanza tupige hesabu pamoja. Mia mbili, siku 26, miezi 12, miaka mitatu. Simu ikaonyesha 187,200. Nikamwambia, "Mwanangu, hii pikipiki nimeshainunua mara moja. Nikuongeze tena 80,000?" Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga. Tukakubaliana 68,000, na akaniongezea keria na ule mpira wa madigadi ya nyuma ulioandikwa MANENO YAKO MTAJI WANGU, ambao mpaka leo mamangu anaamini umeandikiwa yeye.

Karatasi safari hii zilikuwa nyepesi. Mkopo alishaumaliza zamani, rekodi ilikuwa na jina lake peke yake. Ami akalinganisha namba ya chesisi iliyopigwa kwenye shingo ya fremu na ile iliyo kwenye rekodi, kisha namba ya injini, tarakimu moja baada ya nyingine kwa sauti kama anasomesha chuo. Muuzaji ndiye anayeanzisha uhamisho kwenye akaunti yake, wewe unaukubali kwenye yako, kwa hivyo hakikisha PIN yako ya kodi, ya KRA, unaikumbuka. Mimi sikuikumbuka. Sikumpa pesa zote mpaka nilipoona jina langu. Alisema, "Mama, baada ya miaka mitatu huniamini?" Nikamwambia nakuamini wewe, simwamini intaneti.

Zilizobaki 22,000 nilikuwa nimeshazigawa. Kwa ami ilikaa siku mbili: pistoni na ringi mpya na kupiga bore, yaani kuchonga silinda upya, cheni na spoketi, tairi la nyuma, breki shuu mbele na nyuma, beringi za shingo. Ukigeuza usukani polepole ukasikia unajikwaa katikati, beringi za shingo zimekwisha, na hii ilikuwa inajikwaa. 13,500 na ufundi. Kwenye tairi nilijifunza kitu: kuna tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka. Muuzaji alitaka kunipa la "mpya kabisa" lililoandikwa 2317. Wiki ya 23 ya mwaka 2017. Hata mkate wangu hausemi uongo hivyo.

Klachi ami alitaka kubadilisha pia. Nikamwambia acha kwanza, hizo ni za kujifunzia.

Helmeti sikuinunua iliyotumika. Ile anayokupa mtu wa boda, inayonuka jasho la mji mzima na kuzunguka kichwani kama sufuria, hiyo ni ya kumfurahisha polisi. Nilitafuta yenye alama ya usalama ya ECE 22.05, nikaivaa dukani robo saa na kofia ya mtandio ndani, joto la Mombasa likinishika, mpaka nikajua haibani mfupa na haizunguki nikitikisa kichwa. Ilikula 5,500. Koti la kuakisi, 400. Ikabaki bima na pesa ya chai.

Kuhusu mavazi nitasema kifupi kwa sababu wanawake ndio wananiuliza. Buibui na cheni havipatani. Nimeona kwa macho yangu buibui la abiria likiingia kwenye spoki pale Bombolulu na dereva akawahi kusimama. Mimi navaa suruali pana ya kipanjabi iliyobana kwenye kifundo, koti refu la kufika gotini, buibui liko kwenye mkoba, nalivaa nikifika. Viatu vya kufunga. Dera libaki nyumbani.

Wiki ya kwanza nilitoka saa tisa na nusu usiku, L nyekundu mbele na nyuma, ili barabara iwe yangu. Gia zote nne za pikipiki hii zinakanyagwa mbele, na mimi nilikuwa nazisahau idadi, nafika Bamburi nikiwa bado ya pili, injini inalia kama mbuzi wa Idi. Kijana wa boda akiwa na 150 yake alikuwa ananifuata nyuma kwa taa, siku tatu, bila kunitoza. Siku ya nne akanipungia mkono akaenda zake.

Masika yalipoanza nilijua mchanga. Pembeni ya lami, mvua inauleta mchanga unatandaza kama unga kwenye meza, na breki ya mbele juu ya mchanga ule ni kujiandikia kitanda cha hospitali. Nilianguka mara moja, kwenye kona ya kuingilia hotelini, kilomita tano kwa saa, mbele ya mlinzi. Pikipiki haikupata hata alama ambayo haikuwa nayo.

Chumvi napambana nayo kila Jumapili. Kosa nililofanya mwanzo ni kuosha kwa maji ya kisima cha plotini, ambayo ukiyaonja unajua bahari iko jirani. Ni kuongeza kutu juu ya kutu. Sasa natumia maji ya mfereji au ya mvua, nafuta, halafu mafuta ya taa na mswaki mkuukuu kwenye cheni, kisha oili. Mtoto wangu wa pili ndiye mwenye mswaki. Anadai 20 kila wiki.

Juzi, mwezi wa saba, klachi ikaanza kuteleza: injini inapanda, pikipiki haiendi. Nikaipeleka kwa ami. Akafungua, akatoa sahani zake moja moja akazipanga kwenye gazeti. Nyeusi, zimenyauka, zinanuka. Akazitazama, akanitazama juu ya miwani.

"Bibi," akasema, "hizi umeziendesha au umezioka?"